Malungu ya Ufipa yasipotee kwa sababu ya mwaka 1863

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikishie wasomaji, na hasa viongozi wa vijiji na halmashauri za Mkoa wa Rukwa, jambo lililonikaa moyoni tangu Agosti iliyopita, niliporudi kijijini kwetu wilayani Nkasi kumaliza matanga ya shangazi yangu. Njiani nilipita mahali ambapo tangu utoto wangu yalisimama malungu matatu, nikakuta limebaki moja. Mawili yalikuwa yamesawazishwa kwa greda la mkandarasi mmoja wa barabara, na chungu kubwa ya mavi ya chuma iliyokuwa kando yake ilikuwa imechotwa na kumwagwa kwenye mashimo ya barabara mithili ya changarawe. Nilipouliza, nilijibiwa bila ubaya wowote kwamba vile vilikuwa vichuguu vya zamani tu.

Kwa msomaji asiyeijua Ufipa, ilungu, ambalo wingi wake ni malungu, ni tanuru la kutolea chuma kwenye mawe. Ni mnara wa udongo, mpana chini na mwembamba kadiri unavyopanda, wenye kimo cha mita 3 hivi na mara nyingine zaidi, uliojengwa kwa mabonge ya udongo wa kichuguu yaliyopangwa moja juu ya jingine yangali mabichi. Aliyeniambia kwamba ni kichuguu hakukosea kabisa, maana udongo ni uleule, ila waliouinua safari hii walikuwa watu. Chini pana matundu yanayolizunguka, na moja kati yake ni kubwa kuliko mengine, kiasi kwamba mtoto anaweza kulipita akitambaa. Nalijua hilo kwa magoti yangu mwenyewe, kwa sababu tulipokuwa tukichunga mbuzi tuliingia humo tukalala chali, tukatazama juu na kuona duara dogo la mbingu, na kuta zilizotuzunguka zilikuwa nyeusi na laini kama chungu kilichokaa jikoni miaka mingi.

Kimo hicho hakikuwa cha fahari, bali ndicho kilichofanya kazi yenyewe. Hewa ya moto hupanda, na katika mnara mrefu hupanda kwa nguvu hadi ikavuta hewa mpya kupitia matundu ya chini bila mtu kushika mvukuto. Mafundi walijaza ilungu kwa makaa na mawe ya chuma, tabaka juu ya tabaka, wakaliwasha, na kwa siku kadhaa likajipulizia lenyewe. Yapo makabila mengi katika nchi yetu yaliyofua chuma kwa matanuru mafupi na mivukuto, na huko vijana walipokezana kupuliza kwa saa nyingi mpaka mikono ikafa ganzi. Tanuru refu hula makaa mengi zaidi, lakini huokoa mikono ya watu, na katika kijiji cha kaya chache mikono ndiyo iliyokuwa adimu kuliko miti. Naona hapo hesabu ya watu waliojua walicho nacho na walichokosa, wakajenga tanuru kulingana na hali yao.

Naomba pia nisahihishe kosa tunalolifanya sisi walimu darasani, tunaposema kwamba wazee waliyeyusha chuma. Chuma hakiyeyuki mpaka joto lifike takriban nyuzi 1,538 za Selsiasi, na ilungu halikuhitaji kufika huko. Makaa yakiungua kwa hewa ya kiasi hutoa monoksidi ya kaboni, ambayo huipokonya mawe ya chuma oksijeni yake, na chuma hubaki kigumu hivyohivyo, bonge lenye matundumatundu kama sifongo. Kinachoyeyuka ni uchafu wa mawe, ambao hutiririka chini na kuganda, na huo ndio unaoitwa mavi ya chuma. Bonge lile halikufaa kupelekwa kwenye fuawe moja kwa moja, na hapa ndipo Wafipa walipokuwa na hatua ya pili ambayo wengi hawakuwa nayo. Walilivunja, wakalitia katika tanuru dogo linaloitwa kintengwe, ambalo lilipulizwa kwa mivukuto, wakalisafisha mara nyingine, kisha ndipo mhunzi akalipokea kwa koleo na nyundo. Mawe, ilungu, kintengwe, fuawe, mpini: jembe moja lilipitia mikono mingi kabla halijagusa shamba.

Kazi hiyo haikuwa ya ufundi wa mikono pekee. Fundi mkuu alikuwa na kapu la dawa liitwalo intangala, na kabla ya tanuru kuwashwa dawa ziliwekwa ndani yake. Ilungu jipya lilihesabiwa kuwa bibi harusi, likapambwa na kuimbiwa, na mafundi walitakiwa kujitenga na wake zao kwa muda wote wa kazi, kwa kuwa walikuwa wameoa kwingine na mtoto aliyetarajiwa alikuwa chuma. Wapo watakaosoma haya wakaona ni ushirikina usiostahili kuandikwa gazetini. Mimi ni Mkristo, na ninayaheshimu, kwa sababu watu waliokuwa wakitumia majuma ya kukata miti, kuchoma makaa na kuchimba mawe, ili siku ya mwisho wapate bonge au wakose kabisa, walihitaji nidhamu, na nidhamu yao waliifunga katika mambo hayo.

Baba yangu mkubwa, aliyezaliwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, alikuwa amewaona mafundi wa mwisho wakiwa kazini. Mwaka 1972, nikiwa na umri wa miaka kumi na miwili, alinichukua mpaka kwenye malungu yale matatu, akainama, akaokota kipande cha mavi ya chuma na kunipa. Kilikuwa kizito kuliko nilivyotarajia, cheusi, chenye mikunjo kama uji uliomwagika ukaganda. Akakigeuza upande wa pili, akanionyesha alama za mistari membamba iliyonyooka, nikadhani ni mchoro. Aliniambia ni mti. Uchafu ulipokuwa ukitiririka ulikigusa kipande cha kaa, ukaganda juu yake ukichukua sura ya nyuzi zake, kisha kaa lenyewe likaungua na kwisha, na alama yake ikabaki. Mti ule ulikatwa na mtu ambaye hakuna anayelikumbuka jina lake, lakini nyuzi zake nilizipapasa kwa kidole. Chungu iliyomwagwa barabarani ilijaa vipande kama hivyo.

Nataka wasomaji waelewe kwa nini kijiji kidogo kilihitaji chuma kiasi hicho. Mkulima wa Ufipa halimi juu juu. Hugeuza nyasi pamoja na udongo wake na kuvirundika katika vilima tunavyoviita intumba, nyasi zikaoza humo na kuwa mbolea, kisha msimu unaofuata kilima hutawanywa na kupandwa. Ni kilimo kinachoifanya ardhi yetu ya nyanda za juu, ambayo haina miti mingi, ilishe watu mahali pamoja kwa muda mrefu, na hakiwezekani kwa kijiti cha kuchimbia. Kinataka jembe pana, zito, la chuma imara. Jembe hilohilo ndilo lililotolewa mahari, ndilo lililobebwa mabegani kwenda kwa majirani kubadilishwa, na mkulima aliyekuwa na majembe ya akiba alikuwa na akiba ya kweli. Kwa hiyo, anapoandika mtu kwamba viwanda vya nchi hii vilianza na reli ya Wajerumani na mashamba ya mkonge, namwomba aje asimame chini ya ilungu moja, ayahesabu matundu yake, kisha aandike tena.

Kuhusu ukale wa kazi hii, tuna bahati kwamba wasomi wetu wenyewe wameifanyia kazi. Profesa Bertram Mapunda, mwanaakiolojia Mtanzania, alitembea Nkasi na mwambao wa Ziwa Tanganyika akatambua kwamba chuma huko hakikutolewa kwa njia moja. Mbali na malungu marefu, alieleza matanuru mafupi ya aina iitwayo Katukutu, na pia njia ya Warongo, mafundi ambao asili yao ni upande wa kusini mwa Ziwa Viktoria. Maana yake ni kwamba vijiji hivi havikulala usingizi vikirudia jambo moja tangu dunia iumbwe. Mafundi walihama, walijifunza, walishindana, njia moja ikaachwa na nyingine ikashika. Hata simulizi zetu za utawala zinakiri kwamba kijiji kilitangulia ufalme, maana kila Mfipa amesimuliwa habari za Milansi, kijiji cha Ntatakwa, mtu wa kwanza, na jinsi wanawake wa Kitwa walivyofika kutoka mbali na kujipatia utawala mwenyeji akiwa mawindoni.

Tukitazama nje ya Rukwa, habari ni ndefu zaidi. Kule Katuruka, karibu na Maruku mkoani Kagera, wazee wa Kihaya walikuwa wakisimulia kwamba chini ya mti wa Kaiija wafua vyuma wa mfalme Rugomora Mahe walifua chuma cha kujengea mnara wa kufika mbinguni. Mwanaakiolojia Peter Schmidt wa Marekani aliwasikiliza wazee hao, akachimba mahali walipomwonyesha, na kilichopatikana ardhini kilikuwa mabaki ya ufuaji wa chuma wa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, mkubwa mno kwa umri kuliko mfalme mwenyewe. Katika pwani ya Afrika Mashariki, al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake cha jiografia mwaka 1154, aliandika kwamba watu wa Malindi walichimba chuma na kwamba biashara hiyo ndiyo iliyowapa faida kubwa. Na huko Ugweno, Upare ya Kaskazini, ukoo wa Washana ulitawala kabla Wasuya hawajaupindua, na jina lenyewe la Mshana maana yake ni mhunzi. Nimeyataja haya kwa ufupi ili isionekane natetea kabila langu. Ninachotetea ni kijiji, popote kilipo, kilichokuwa na moto wake.

Moto wa Ufipa haukuzimwa kwa uvivu. Wajerumani walipoanzisha kodi ya nyumba mwaka 1898, mtu alilazimika hatua kwa hatua kutafuta fedha taslimu, na fedha hizo zilikuwa mbali na nyumbani, kwenye mashamba ya wageni. Vijana waliotakiwa kukata miti na kujenga matanuru wakati wa kiangazi wakawa wanaondoka wakati huohuo kwenda kutafuta kodi. Majembe ya viwanda vya Ulaya nayo yakafika madukani kwa bei ambayo fundi aliyetumia majuma kadhaa porini hakuweza kushindana nayo. Waliobaki walifua vipande vya vyuma chakavu, na wahunzi hao wapo mpaka leo, tena wanatutengenezea visu na mashoka mazuri, lakini chuma cha mawe yetu wenyewe kikaisha ndani ya nusu ya kwanza ya karne ya 20.

Sasa nifikie lililonifanya nishike kalamu. Katika miaka ya 1973 hadi 1976, wakati wa Operesheni Vijiji, watu wetu walihamishwa kutoka vijiji vyao vidogo na kukusanywa kando ya barabara. Sina nia ya kufufua ubishi wa siasa za wakati ule, maana shule niliyosomesha ilitokana na uamuzi huohuo. Nasema tu kwamba ramani ya vijiji vya kale ilifutika. Nyumba zilikuwa za miti na nyasi, na ndani ya misimu michache zilikuwa zimerudi ardhini. Kilichobaki kwenye mahame ni miembe, makaburi kwa anayeyajua, na malungu. Mafundi walijenga karibu na mawe, maji, miti na vichuguu, nje kidogo ya makazi, na kwa hiyo ukiona ilungu ujue kwamba kulikuwa na watu si mbali na hapo, walikuwa wangapi kiasi cha kuweza kazi hiyo, na walikata miti upande gani. Vijiji vile havikuacha barua wala daftari, wala hakuna mgeni aliyevipitia akaviandika kimoja kimoja. Kubomoa ilungu ni kuchana ukurasa pekee uliokuwapo.

Nilidhani sheria inayalinda, nikaenda kuisoma. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, Sura ya 333, inalinda moja kwa moja majengo na kazi za mikono ya binadamu zilizofanywa kabla ya mwaka 1863. Sikujua nicheke au nilie. Mnara wa udongo usioezekwa, unaonyeshewa mvua za Ufipa kila mwaka, hauwezi kutarajiwa kusimama karne nyingi. Malungu mengi tunayoyaona leo yakiwa wima ni yale ya mwisho mwisho, yaliyojengwa na kizazi cha babu zetu, na babu zetu wengi walizaliwa baada ya mwaka huo. Matokeo yake ni kwamba lile lililokwisha anguka likabaki kifusi lina ulinzi, na lile linalosimama, ambalo mtoto anaweza kuingia ndani akajifunza, halina. Mwaka 1863 hauna maana yoyote katika historia ya chuma cha Ufipa. Hakuna fundi aliyezima moto mwaka huo wala aliyeuwasha.

Sheria hiyo, hata hivyo, inampa Waziri uwezo wa kutangaza mahali au jengo lisilofikia umri huo kuwa kumbukumbu ya kulindwa, na ombi langu la kwanza ni hilo. Idara ya Mambo ya Kale, kwa kushirikiana na halmashauri za Nkasi, Kalambo na Sumbawanga, iyapeleke mbele ya Waziri malungu yanayosimama katika wilaya hizo, si moja la mfano kwa ajili ya watalii, bali kwa makundi yake, pamoja na vintengwe vyake na chungu zake za mavi ya chuma. Ilungu lililotengwa na chungu yake ni kama mtungi bila maji, kwa kuwa ni katika chungu ndimo mtaalamu husoma joto la tanuru, aina ya mawe na aina ya miti.

Lakini najua tangazo la Waziri huchukua muda, na greda halisubiri. Kwa hiyo naomba serikali za vijiji zisingoje. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo na kuzipeleka wilayani zikaidhinishwe, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaukabidhi usimamizi wa ardhi ya kijiji kwa wanakijiji wenyewe. Kijiji kinapopanga matumizi ya ardhi yake, kikaonyesha mahali pa malisho, pa makaburi na pa chanzo cha maji, kinashindwaje kuweka alama mahali penye malungu? Mkandarasi atakayekuja kutafuta changarawe aonyeshwe ramani hiyo kabla hajawasha mtambo. Mwenye shamba lenye ilungu katikati asinyang'anywe shamba, alime kama kawaida, ila aache hatua kumi kulizunguka, na kijiji kimfidie kwa namna kitakayoona inafaa.

Kazi ya kuyaandika haihitaji mfadhili. Wanafunzi wa sekondari za kata wana simu zenye kamera, na walimu wao wana madaftari. Kimo, idadi ya matundu, jina la hame, jina la ukoo uliokuwa ukiishi hapo, upande ulipo mto: mambo hayo matano yanapatikana kwa alasiri moja, iwapo mzee anayeyajua angali hai. Na hapo ndipo penye haraka kuliko sheria zote. Waliowaona mafundi wakiwa kazini wamekwisha kufa. Waliosimuliwa na walioona, kama mimi, wana miaka sitini na kitu au sabini.

Ilungu lililobaki kijijini kwetu lina ufa upande wa magharibi, kuanzia tundu la tatu kutoka mlangoni hadi karibu na kiuno chake. Nimezungumza na mwenyekiti wa kijiji, naye amekubali lizungushiwe uzio wa miiba ili ng'ombe wasijikune hapo, na vijana wawili wameahidi kulijengea paa jepesi la nyasi kabla ya masika. Namwomba mtaalamu yeyote wa Mambo ya Kale atakayesoma barua hii atuelekeze, kupitia ofisi ya mkurugenzi wa wilaya, namna ya kuuziba ufa huo bila kuharibu udongo wa asili, kwa maana hakuna kati yetu aliyewahi kufanya kazi hiyo, na mvua za Novemba haziko mbali.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mstaafu wa Historia,
Nkasi, Rukwa